Mjadala: Kesi za jinai Nairobi ziandikwe kwa lugha ipi?

Hoja iliyo mezani: Katika mahakama za mahakimu, iwe Milimani, Makadara au Kibera, mashahidi wengi hutoa ushahidi kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu ya kesi huandikwa kwa Kiingereza. Sheria haimfungi hakimu. Kifungu cha 198 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kinaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, na Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imezifanya zote mbili kuwa lugha rasmi. Je, kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili?

MKALIMANI
Ziandikwe. Anayedhani hili ni suala la uzalendo alinganishe yaliyosemwa na yaliyoandikwa. Shahidi anasema, "Alimpiga akaanguka." Hapo hakuna mwanamume wala mwanamke; a- na -m- zinabeba mtu tu. Kiingereza kinadai jinsia, basi anayetafsiri anachagua. Akikosea, kumbukumbu inabeba ushahidi ambao hakuna aliyeutoa, na baadaye shahidi anaambiwa anajipinga.

Saa nazo. "Saa nane usiku" ni saa mbili kwa hesabu ya Kiingereza. Anayetafsiri akichoka, nane inabaki nane. Hizo ni saa sita zimepotea, na utetezi wa mtu kwamba alikuwa kwingine unaporomoka papo hapo. Halafu kuna "usiku wa Jumamosi". Kwa mzee wa Pwani siku huanza jua likitua, kwa hiyo huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Kijana wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi anamaanisha usiku unaofuata mchana wa Jumamosi. Mkalimani makini huuliza. Asipouliza, maneno ya Kiswahili yakiandikwa yalivyo, anayesikiliza rufaa anaweza kuuona utata. Yakishageuzwa, hakuna wa kuufukua.

WAKILI
Mkalimani, mifano yako naikubali na bado napinga. Rufaa ya kesi hizi huenda Mahakama Kuu, na kifungu hichohicho cha 198 kinasema lugha ya huko ni Kiingereza. Tafsiri basi haijaondoka, imeahirishwa tu, ifanywe na mtu ambaye hakumwona shahidi akigusa kiwiko huku akisema "hapa mkononi". Mkono wetu unaanzia begani hadi vidoleni. Daktari ameandika kiganja kwenye fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha. Mtafsiri wa mbali ataandika nini?

Pili, istilahi hazijatulia. Mshtakiwa akiambiwa "umepewa dhamana ya laki moja", hajui kama aweke pesa taslimu, alete mdhamini mwenye mali ya thamani hiyo, au atie saini ahadi yake mwenyewe. Jamaa wanachanga fedha ambazo pengine hazikuhitajika. Au chukua "kumiliki". Mtu akiulizwa "ulimiliki bangi hii?" anakana kwa moyo safi, kwa sababu ni ya binamu yake. Ukibadilisha useme "ulipatikana nayo", umepunguza upande wa pili: kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu hata kitu ulichokiweka mikononi mwa mwingine ukijua.

MWALIMU WA ISIMU
Wakili ameonyesha tatizo la kweli, ila amelipa jina lisilo lake. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa 1916 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba thamani ya neno hutokana na majirani zake. Kifaransa kina "mouton" kwa kondoo aliye malishoni na kwa nyama yake sahanini. Kiingereza kina maneno mawili, kwa hivyo kila moja limebanwa na mwenzake. Dhamana imetanuka kwa sababu haina jirani wa kuibana. Ipe majirani: dhamana ya fedha taslimu, dhamana ya mdhamini, dhamana ya ahadi. Hakimu akitamka moja, nyingine mbili zinajiondoa zenyewe. Hakuna haja ya kubuni neno geni ambalo halijawahi kutamkwa sokoni Gikomba.

Kwa "kumiliki" njia ni hiyohiyo: eleza kwa sentensi. "Ulikuwa nayo, au uliiweka mahali au kwa mtu, ukijua ni bangi." Ni ndefu, ndiyo. Lakini ijaribu hivi: isome kwa watu watano wasiosomea sheria, kila mmoja aieleze upya kwa maneno yake bila kuangalia karatasi. Wawili wakirudisha maana ya "mali yangu", sentensi imeshindwa, iandikwe tena. Jaribio hilo halichukui hata nusu siku.

Tanzania ilibadilisha sheria 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Istilahi hukomaa kazini, hukumu baada ya hukumu.

MKUSANYAJI WA MISAMIATI, EASTLANDS
Mnasema Kiswahili kana kwamba ni kimoja. Mshtakiwa wa miaka 19 anasema, "Nilikuwa na mbogi yangu, karao wakakam, nikahepa." Karao ni polisi, wakakam ni wakaja, na mbogi ni kundi la marafiki. Mbogi ikiandikwa "genge", umemsogeza karibu na kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, ambako kuiba kwa nguvu mkiwa zaidi ya mmoja ni wizi wa mabavu wenye adhabu ya kifo. Na "nikahepa" mtaani ni kuondoka tu, hata kwenye sherehe iliyochosha. Kwenye kamusi ni kukwepa, na mahakamani kukwepa kunanuka hatia. Hatari hii iko katika tafsiri ya Kiingereza, na iko vilevile katika Kiswahili sanifu cha karani anayependa kusafisha lugha ya watu. Mimi nataka neno lenyewe, lilivyotoka kinywani.

WAKILI
Ndugu, hapo sheria iko nawe kuliko unavyodhani. Kifungu cha 207(2) cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kinataka kukiri kwa mshtakiwa kuandikwe kwa maneno yaliyo karibu iwezekanavyo na aliyoyatumia mwenyewe. Na tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, hatua zinajulikana: shtaka na viungo vyake vyote, yaani mambo yanayounda kosa, vielezwe kwa lugha anayoielewa, jibu liandikwe, kiongozi wa mashtaka asome maelezo ya tukio, mshtakiwa aulizwe kama ana la kupinga au kuongeza. Akipinga, kukiri kunafutwa. Kwa hatua hiyo ya kukiri au kukana nakubali maneno ya asili yaandikwe, Kiswahili au Sheng. Kesi nzima, sijashawishika.

MKALIMANI
Basi tuanzie hapo, ila tusiridhike na "ni kweli". Karatasi nyingi zinaishia hapo: mshtakiwa amesema ni kweli, ametiwa hatiani. Kweli ipi? Chukua kupokea mali ya wizi, tuseme simu, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Amesomewa tarehe, mahali, simu, na kwamba alijua au alikuwa na sababu ya kuamini imeibwa. "Ni kweli" inaweza kujibu simu peke yake. Kila kiungo kiulizwe kivyake, na jibu liandikwe mbele yake.

MWALIMU WA ISIMU
Na maswali yasiwe ya kukanusha. "Hukujua imeibwa?" Akijibu "ndiyo", kwa Kiswahili chetu amekubaliana na kauli: ndiyo, sikujua. Kiingereza hufanya kinyume, na kijana aliyesoma shule ya Kiingereza Nairobi hujibu kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Uliza "Ulijua imeibwa?" Kisha usiandike "ndiyo" tupu. Mwache amalize sentensi: nilijua, au sikujua.

MKUSANYAJI WA MISAMIATI, EASTLANDS
Na akisema "nilikuwa naona tu ni ya bei rahisi"?

WAKILI
Iandikwe hivyohivyo. Hakimu asimwandikie kwamba amekiri.