Msondo Ngoma kageuzwa mtu, ukoo wake "Ngoma"! Hawa wahariri wa muziki mtandaoni wamenichosha

Wakuu, naomba nitoe dukuduku, maana jana usingizi umekataa kwa hasira.

Kuna hifadhidata moja ya muziki mtandaoni, ile ya kujazwa na watu wa kujitolea. Siitaji, wenyewe wanajijua. Juzi natafuta Msondo, bendi ya dansi ya Dar, nakuta wasanii wanne: NUTA Jazz, Juwata Jazz, OTTU Jazz na Msondo Ngoma. Wanne! Kila mmoja na ukurasa wake, hawajuani. Huyo wa mwisho ndiyo kabisa: aina ya msanii, "mtu". Jina la kupangia orodha, "Ngoma, Msondo". Yaani Msondo, bendi tunayoiita Baba ya Muziki, kawa mzee mmoja wa Ilala, mtoto wa Mzee Ngoma.

Jamani, hii ni bendi moja. Ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipogeuzwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa Juwata. Ikaja OTTU, vilevile. Msondo ni mtindo wao wa siku zote, ndio ukaja kuwa jina.

Nikatoa Jumamosi yangu nzima. Nikashusha kabatini santuri za marehemu baba, zile ndogo za 45, nikapiga picha lebo za katikati. Moja ya NUTA baba kaiandika pembeni kwa kalamu ya wino, "siku hizi Juwata". Nikaomba kurasa ziunganishwe, majina ya zamani yabaki kama majina mbadala, na kila santuri iendelee kusomeka kwa jina lililochapwa juu yake. Mfumo wao wenyewe unaruhusu hilo.

Ombi linapigiwa kura siku saba. Wa kwanza: hapana, majina hayafanani. Wa pili: hapana, mwandiko wa baba yako si ushahidi (sawa, hapo nilimeza). Wa tatu nikamfafanulia NUTA ni nini, akataka chanzo cha Kiingereza. Cha Kiingereza, kwa bendi ya Dar! Ombi likatupwa.

Halafu uone madhara yake. Fungua ukurasa wa mwimbaji Muhidin Gurumo: eti ameanzia bendi ya Mlimani Park, 1978. Miaka yote aliyoimba NUTA na Juwata kabla ya hapo imeyeyuka, kwa sababu zile kurasa hazijaunganishwa na mtu yeyote. Na hao Mlimani Park wenyewe, kwa kuwa wanaitwa Orchestra, wamewekwa fungu moja na wapiga fidla wa Ulaya waliovaa suti nyeusi. Bendi ya dansi hiyo, Sikinde wenyewe! Sijui nicheke au nilie.

Jumatatu nafungua ombi upya. Mwenye akaunti kule anijulishe hapa, nitaweka kiungo. Na mwenye kipande cha gazeti la Uhuru au Mzalendo la enzi hizo kinachotaja bendi kubadilishwa jina, apige picha aniletee PM, tarehe ionekane.

Washabiki wa Sikinde, wapinzani wetu wa jadi, leo tafadhali msiniharibie uzi.