Jarida limekataliwa DOAJ, halafu mnakata rufaa kwa barua yenye muhuri? Acheni kabisa!

Wakuu, hili limezidi.

Jarida la chuo linakataliwa na DOAJ, ile orodha ya majarida ya kusomwa bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Kesho yake ofisi ya mhariri inaandika kurasa mbili: jarida letu ni kongwe, wahariri wetu ni maprofesa, tunaomba mtufikirie upya. Sahihi, muhuri, skani, tuma. Barua hiyo haisaidii chochote! Mkaguzi wa DOAJ hakupima heshima ya chuo. Alifungua tovuti, akatafuta vitu vilivyotajwa kwenye vigezo, asivyoviona akaviandika. Rufaa inajibu yale aliyoyaandika, hoja kwa hoja. Nje ya hapo mnamsumbua tu mtu, na wengi wa wakaguzi wenyewe wanajitolea.

Jambo ambalo ofisi nyingi hazitaki kulisikia ni hili: rufaa ni ya kuonyesha kwamba mkaguzi alikosea kuhusu yaliyokuwepo kwenye tovuti siku anakagua. Kama kasoro ilikuwepo kweli na fundi wenu ameirekebisha jana usiku, hiyo si rufaa. Hilo ni ombi jipya, na baada ya kukataliwa mnasubiri miezi 6 kabla ya kuomba tena. Mnachanganya mawili haya, kisha mnalalamika kwamba Afrika inaonewa.

Sasa mtathibitishaje tovuti ilikuwaje siku ile? Siku ya kutuma ombi, ingia web.archive.org, tovuti inayotunza nakala za kurasa pamoja na tarehe zake, hifadhi kila ukurasa ulioutaja kwenye fomu: malengo ya jarida, bodi ya wahariri, utaratibu wa mapitio, ada, leseni na hakimiliki, pamoja na makala moja. Ni kazi ya dakika 20. Mkaguzi akisema "hakuna ukurasa wa ada", unampa kiungo cha ukurasa na kiungo cha nakala yenye tarehe. Mistari mitatu, imetosha. Bila nakala hiyo ni neno lako dhidi ya lake.

Kabla ya kuandika neno "rufaa", fungua tovuti yako kwa incognito, ukiwa hujaingia kwenye akaunti. Hapa ndipo aibu ilipo. Kwenye OJS, programu inayoendesha tovuti za majarida mengi, nenda Users & Roles, kichupo cha Site Access Options. Kuna visanduku viwili: kimoja kinamlazimisha msomaji ajisajili ndipo aone tovuti, kingine ndipo aone makala. Mtu aliweka tiki siku ya kusimika mfumo, akasahau. Ofisini kila mtu ameshaingia kwenye akaunti yake, kwa hiyo makala zinafunguka vizuri tu. Mkaguzi akibonyeza PDF anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Kwake jarida si la kusomwa bure, basi. Na kwa kigezo hicho yuko sahihi, msimkatie rufaa!

Nyingine ni toleo zima kupakiwa kama PDF moja ya kurasa 140. Kila makala inatakiwa kuwa na ukurasa wake na kiungo chake. Kupakia faili chini ya toleo si sawa na kupakia faili kwenye makala. Kazi ya kulikata toleo na kuingiza majina ya waandishi na ikisiri ya kila makala inachosha, najua, ila haina njia ya mkato.

Leseni nayo. Ukurasa wa sera unasema CC BY, yaani yeyote aitumie kazi mradi amtaje mwandishi. Chini ya tovuti pameandikwa "haki zote zimehifadhiwa". Fomu ya mwandishi inasema anakabidhi hakimiliki yote kwa chuo. Ndani ya PDF hakuna neno. Mkaguzi aamini lipi? Chagueni moja, liandikwe hivyo hivyo kila mahali.

Ada: kama mnatoza, andikeni kiasi na sarafu hadharani, hata kama mwandishi analipa kwa simu. Kama hamtozi, andikeni kwamba hamtozi. Kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa bure.

Na hawa mawakala wanaotoza majarida yetu pesa ili "wayaingize DOAJ"! Kuomba ni bure, kuorodheshwa ni bure. Mbaya zaidi, wengine wanawabandikia nembo za impact factor (kipimo cha jinsi makala za jarida zinavyonukuliwa) za kubuni kwenye ukurasa wa mbele. Nembo hiyo peke yake ni sababu ya kukataliwa. Iondoeni leo.

Jibu #2
Mleta uzi umesema kweli tupu. Niongeze upande wa seva. Cheti cha usalama kikiisha muda, kivinjari kinatoa onyo jekundu na mkaguzi anaishia hapo. Kuna seva za vyuo zimewekewa ulinzi unaozuia anwani za nje ya nchi: Dodoma tovuti inafunguka, Ulaya inagoma. Muombeni mtu aliye nje aijaribu. Hili la kuzuiwa unaweza kulikatia rufaa, maana kurasa zilikuwepo ila hazikumfikia, lakini ambatanisha kumbukumbu za seva za siku husika, usiseme tu "mtandao ulisumbua".

Pia barua pepe iliyoko kwenye ombi isiwe ya mhariri aliyestaafu. Mkaguzi akiuliza swali lisijibiwe, ombi linafungwa.

Jibu #3
ISSN jamani, ile namba ya utambulisho wa jarida! Jina lililoko kwenye tovuti lifanane na lililosajiliwa portal.issn.org. Mmesajili kwa Kiswahili, bango la tovuti mkaandika Kiingereza, mnategemea nini? Anzeni kurekebisha kwa waliowapa ISSN.

Jibu #4
Wakuu, sisi jarida linatoka mara moja kwa mwaka, makala 4 na mapitio ya vitabu 3. Wamekataa. Tukate rufaa?

Mleta uzi
Hapana, mkuu. Kiwango ni makala 5 za utafiti kwa mwaka, na mapitio ya vitabu hayamo kwenye hesabu. Tumieni miezi 6 hiyo kutafuta makala nyingine. Ila angalieni zisije zikawa za wahariri wenyewe: makala zenye mkono wa wahariri, wajumbe wa bodi au wapitiaji zisizidi asilimia 25. Kwenye toleo la makala 5 hiyo ni moja tu.