Reli za kabati la milango ya kusukuma, kuna anayejua zinapatikana wapi?

Kutoka: Dada wa Leicester

Habari zenu jamani, naomba msaada, jambo lenyewe dogo lakini limeshaanza kuniudhi. Chumbani kwetu kuna kabati la ukutani la milango miwili ya vioo, ile ya kusukuma, tumelikuta humo humo tulipohamia, la zamani kweli, halina jina wala stika. Mlango wa kushoto umeanza kuruka reli, ukiusukuma unafika katikati unagoma halafu unainuka upande mmoja, na reli ya chini pale mlango unaposimama kila siku imebonyea na mgongo wake umelika. Nilipeleka picha kwenye duka moja la makabati wakaniambia reli hiyo haitengenezwi tena, ninunue milango mipya na kila kitu, na bei waliyonitajia nakata tiketi ya Mombasa na chenji ya zawadi inabaki. Kuna mtu ashawahi kubadilisha reli peke yake akaiacha milango? Mume wangu anataka aupigilie misumari usisogee tena, nimemwambia ngoja kwanza niulize.

Kutoka: Kaka wa Reading

Dada usinunue milango. Kama vioo vizima na fremu haijapinda basi kilichokufa ni kibati cha chini na magurudumu, hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, na shemeji mwambie aweke nyundo chini.

Mi makabati ya ukutani ndo kazi yangu huku, na watu wengi wanaanzia pabaya, wanatafuta reli. Wanaandika mtandaoni reli ya kabati wanaletewa reli za kila aina zote zinafanana afu wanaagiza ya bei nafuu, ikija gurudumu halikai. Anza na gurudumu. Reli ni bati tu lililokunjwa, gurudumu ndo linaamua likunjwe vipi.

Ila kabla ya hapo jua uzito wa mlango unakaa wapi. Chungulia juu, ukiona mfereji mtupu na mlango umeingiza ulimi tu ndani yake basi uzito wote uko chini kwenye magurudumu. Ukiona magurudumu yako juu na mlango unaning'inia, huo ni mwingine kabisa, reli yake lazima ishike mbao za dari, ukiifunga kwenye jipsamu peke yake siku moja inakuja chini na mlango wake (za namna hiyo angalia kampuni ya Henderson, wapo tangu 1921 na bado wanatengeneza). Ya kwako kwa unavyoeleza ni ya kukaa chini, na afadhali, maana hiyo reli ya juu haibebi kitu, inazuia tu mlango usije mbele.

Kuutoa sasa. Msifanye mtu mmoja. Kioo cha milimita 4 ni kilo 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mlango wa sentimita 93 kwa 220 kioo chake peke yake ni kilo 20 na kitu, bado fremu na ubao wa nyuma. Vaeni viatu, watoto wasiwe chumbani, na kioo kikiwa na ufa kibandike tepu mbele yote kabla hamjakigusa. Anza na mlango wa mbele. Pembeni kwa chini kwenye fremu kuna skrubu ya kurekebishia, izungushe mpaka mlango ushuke kabisa, angalia na kama kuna kiklipu cha plastiki kinachozuia gurudumu lisiruke, kiachie. Hapo mnauinua mlango wote uzame kwenye mfereji wa juu, mnavuta sehemu ya chini kuja kwenu, mnashusha. Ulazeni kitandani juu ya blanketi, kioo kikitazama chini.

Gurudumu utalikuta ndani ya kinyumba chake cha chuma, na kwa mlango unaoruka usishangae ukikuta nailoni imepasuka au upande mmoja umekuwa bapa, kwa sababu likigoma kuzunguka linaburuzwa tu na ndo linakula reli. Lichomoe. Pima kipenyo, pima unene, halafu angalia ukingo: kuna lenye mfereji katikati, hilo linakaa juu ya mgongo wa reli, na kuna la mviringo lisilo na mfereji, hilo linatembea ndani ya reli. Havichanganyiki hata ukibembeleza. Pima na kinyumba chenyewe, urefu na upana, na skrubu inaingilia upande gani, maana kwenye fremu ya chuma kinyumba kisipoingia hakuna pa kukifunga pengine, sio kama mlango wa mbao ambao unaweza kufunga gurudumu jipya kwa nyuma na ukasahau la zamani. Kipige picha pamoja na rula, tuma kwa wauza spea wadogo wa eBay, wengi wanayo masanduku ya magurudumu ya zamani na wanajibu. Ukishapata gurudumu ndo unauliza reli yake. Maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi kama B&Q, Wickes, Screwfix reli wanazo pia ila nyingi zimetengenezwa kwa milango yao wenyewe, kwa hiyo usinunue bila kulinganisha na gurudumu mkononi.

Na usiweke grisi. Najua wote tumekua tukiona kila kinacholia kinapakwa grisi lakini kwenye reli ya chumbani grisi na vumbi la zulia vinageuka ugali mweusi, gurudumu linagoma upya. Brashi na vacuum, ikibidi silikoni kavu ya kupuliza, basi.

Kutoka: Mama wa Milton Keynes

Dada hiyo nyumba ni yenu ama ni ya kukodi? Maana kama ni ya kukodi na hilo kabati liko kwenye ile orodha ya vitu mliyosaini mkiingia, usiguse hata skrubu moja kabla hujamwandikia landilodi. Andika imeli, sio simu, weka picha ya ile reli vile imelika, sema inaruka na kioo ni kizito kinaweza kuangukia mtu. Kitu kikichakaa kwa matumizi ya kawaida hawafai kukukata dipoziti juu yake, lakini ukishakifungua mwenyewe bila ruhusa ni rahisi sana waseme wewe ndio uliharibu. Na kama mko England dipoziti inatakiwa iwe imewekwa kwa skimu ya kulinda dipoziti iliyoidhinishwa na serikali, hiyo sheria iko tangu 2007, mkikosana siku ya kutoka unapeleka kesi huko bila kulipa, na hapo ndio zile imeli zako zitakusaidia. Mimi napenda makaratasi, mnivumilie.

Kutoka: Dada wa Leicester

Asanteni sana. Mama, ni ya kukodi, nimeandika kama ulivyosema na ajenti amejibu kwa imeli tubadilishe wenyewe tumpelekee risiti, nimeihifadhi. Kaka, milango tumeitoa na ni kama uliona, gurudumu moja limepasuka lingine halizunguki kabisa, yote yana mfereji katikati. Nimepata ya kufanana eBay na huyo muuzaji anayo na reli yake. Sasa mambo mawili. Nafasi ya kabati ukutani ni milimita 1829 na yeye anauza 1800 au 2400. Na reli mpya ni fupi kwenda juu, ya zamani pamoja na gurudumu ilikuwa inaushika mlango milimita 18 kutoka sakafuni, hii mpya anasema 12. Mume wangu anasema milimita 6 si kitu.

Kutoka: Kaka wa Reading

1829 ni futi 6 kamili, ndo ujue kabati lilifungwa na mtu wa inchi. Chukua ya 2400 ukate. Ya 1800 itakuacha na pengo la karibu sentimita 3 na mlango utalala pembeni humo humo. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, funga kipande cha mbao ndani ya reli isibonyee ukiikata, halafu piga tupa ncha zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Hizo milimita 6 shemeji asizidharau. Mlango ukishuka chini 6, na ule ulimi wa juu unatoka kwenye mfereji kwa 6. Pima ulimi ulikuwa umeingia kiasi gani, tuseme ni 15, utabaki na 9, na 9 kwa kioo cha kilo 20 mimi silali chumba hicho. Dawa yake nyepesi, nunua plaiwudi ya milimita 6, kata ukanda upana sawa na reli, ulaze chini yake mwanzo mpaka mwisho. Tatizo lingekuwa kinyume, reli mpya ingekuwa ndefu kwenda juu kuliko ya zamani, hapo kwa mlango wa kioo huna pa kupunguza. Kama kuna zulia chini ya reli ya zamani likate uondoe, plaiwudi ikae kwenye sakafu yenyewe, juu ya zulia itakuwa inazama kila mlango ukipita.

Weka pima maji juu ya plaiwudi kabla ya reli. Nyumba za zamani sakafu zinashuka upande, na mlango utakuwa unajifungua wenyewe usiku, watoto watasema kuna jini. Jaza upande wa chini kwa vipande vyembamba mpaka povu likae katikati.

Kama na reli ya juu unabadilisha, funga ya juu kwanza, dondosha timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni) kutoka kwenye mfereji wa mbele ncha zote mbili, weka alama chini, reli ya chini ifuate hizo alama usifuate ukuta, kuta za huku hazijanyooka. Skrubu ziwe za kichwa bapa na zizame kabisa zisije zikagonga gurudumu. Na za chini weka mbili tu kwanza, moja kila ncha, rudisha mlango wa nyuma kisha wa mbele, isukume yote miwili kutoka mwanzo mpaka mwisho, rekebisha zile skrubu za pembeni mpaka ubavu wa mlango ulingane na ukuta, halafu ndo umalizie zilizobaki. Ila kabla hujalipa hiyo eBay nitumie picha ya gurudumu lake kwa ubavu, nione ule mfereji wake una kona au ni wa mviringo.