Mrejesho: java.time sasa inafanya kazi kwenye Android 7

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini programu yangu ya tarehe za marejesho ya mikopo ya vikoba inafunguka vizuri kwenye simu mpya, ila kwenye Android 7 inajifunga na kutoa NoClassDefFoundError (kosa la darasa kutopatikana) ya java.time.LocalDate, darasa la tarehe kwenye java.time, maktaba ya tarehe na saa ya Java.

Ushauri wa kupandisha minSdk (toleo la chini kabisa la Android ambalo programu inakubali) hadi 26, yaani Android 8, ambako java.time ilianza kuwamo ndani ya Android, sikuufuata. Wanachama wengi bado wana simu za zamani na siko tayari kuwaacha. ThreeTenABP, maktaba mbadala ya tarehe, ingenilazimu kubadilisha import karibu kila faili.

Kilichokubali ni desugaring, yaani kubadilisha msimbo wakati wa build (kujenga programu) ili vipengele vipya vya Java vifanye kazi kwenye Android za zamani. Kwenye build.gradle.kts (faili la mipangilio ya build) ya moduli ya app nimeweka isCoreLibraryDesugaringEnabled = true ndani ya compileOptions, kisha kwenye dependencies nikaongeza coreLibraryDesugaring("com.android.tools:desugar_jdk_libs:2.0.4"). Ukiweka mstari ule wa kwanza bila huu wa pili, build inagoma. Pia toleo la 2 la desugar_jdk_libs linataka Android Gradle Plugin 7.4 kwenda juu. Msimbo wangu wa tarehe sikuugusa kabisa, na hilo limenifurahisha mno.

Halijakaa sawa jambo moja: majina ya miezi. FormatStyle.LONG, mtindo wa kuandika tarehe kwa jina la mwezi, inatoa maandishi tofauti simu hadi simu, maana data ya lugha inatoka kwenye simu yenyewe. Kwa sasa naonyesha tarakimu tu, dd/MM/yyyy. Mwenye njia bora zaidi naomba anielekeze.

Asanteni sana, hasa mkuu uliyenitumia mfano kamili wa faili la Gradle.