Tupeane uzoefu: uliyetoka Windows ukaenda Linux (au ukarudi), ilikuwaje?

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Anayetaka masasisho ya usalama inabidi ajiandikishe kwenye mpango wao wa nyongeza, nao kwa mtu binafsi ni wa mwaka mmoja tu. Mpakato wangu ni wa mtumba, prosesa ya Intel kizazi cha 6, RAM GB 8. Kazi zangu zote unazimudu: kutunga mitihani, kujaza alama, projekta darasani. Ila Windows 11 haiutaki, maana inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine) na kwa Intel prosesa kuanzia kizazi cha 8. Fundi akaniambia anaweza kuilazimisha iingie. Nikajiuliza, siku sasisho likigoma nitamlilia nani? Nikaweka Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Huu ni mwezi wa tatu.

Siku za kwanza nilihangaika kutafuta "C" na "D" hadi nikaelewa kwamba huku kila kitu changu kimo ndani ya folda moja ya nyumbani. Projekta ilikubali mara ya kwanza. Kilichonisumbua hasa ni mitihani ya zamani yenye michoro iliyotengenezwa kwenye Word. Maboksi ya maandishi yalihama, mishale ikaelekeza kusiko.

Sasa nina ombi. Tukibishana juu ya jambo hili huwa tunasema Linux ni ya bure na Windows ni ya kulipia. Wengi wetu Windows hatujawahi kuilipia. Tulipigiwa na fundi, ikaamshwa kwa kraki (kiprogramu cha kukwepa leseni), basi. Kwa hiyo tunachukua mfumo huria tunaulinganisha na mali ya wizi, kisha virusi vikiingia tunasema Windows ni mbovu. Mimi mwenyewe niliishi hivyo miaka sita na najutia. Ukichangia, tafadhali taja mashine yako, kazi yako, kama Windows yako ilikuwa na leseni, na jambo lililokushinda. Nawasilisha.

Steshenari ya Chuoni

Mwalimu, umegusa kidonda changu.

Nina steshenari jirani na chuo. Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kufunga ripoti. Kwa siku napokea flashi nyingi sana, na kila flashi inatoka kwenye mashine nyingine nisiyoijua. Mnawajua wale virusi wa njia ya mkato? Mwanafunzi anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka vialama vyenye mshale, vya KB moja au mbili. Akibofya, anakuwa ameshamwamsha kirusi kwenye mashine yako. Nimeona binti analia hapa kaunta kwa kuamini utafiti wake wa mwaka mzima umefutika.

Mashine zangu zote mbili zilikuwa na Windows ya kraki. Na maelekezo ya ile kraki, hatua ya kwanza kabisa, yalisema: zima antivirus. Nikazima. Hapo ndipo nilipowafungulia mlango, na nikaendelea kuwagawia wateja wangu kwa muda ambao sipendi kuukumbuka.

Nilichofanya ni hiki. Mashine ya mbele, inayopokea flashi, nimeiwekea Ubuntu, toleo jingine la Linux. Linux huficha kile tu ambacho jina lake linaanza na nukta. Alama ya "kilichofichwa" inayowekwa na kile kirusi haiizuii. Kwa hiyo ukichomeka flashi unaona vyote waziwazi: zile njia za mkato, faili la autorun.inf, na mara nyingi folda moja isiyo na jina. Ukiifungua hiyo, kazi yote ya mwanafunzi imo, haijaguswa. Nafuta takataka, natoa folda nje, namrudishia. Yule binti aliondoka na utafiti wake mzima.

Lakini kuchapa ripoti kwenye ile mashine nimekoma. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure tunayotumia huku badala ya Word na Excel, ikikosa fonti ya Calibri inaweka nyingine, mstari mmoja unasukumwa chini, ukurasa wa 14 unakuwa wa 15, na orodha ya yaliyomo inakuwa ya uongo. Ripoti ya kwanza niliyoichapa hivyo ilirudishwa na msimamizi, nikaichapa upya kwa gharama yangu. Siku hizi mwenye PDF namchapia hapohapo. Mwenye faili la Word, baada ya kusafisha flashi, nampeleka mashine ya pili yenye Windows na Office. Safari hii nimezilipia zote mbili. Iliniuma, lakini ndizo zinazoniletea chakula.

Mhasibu Pwani

Hamjambo. Mimi niko Mombasa, na nilirudi.

Wiki mbili tu. Kipakatalishi chenyewe kilikuwa chepesi, sina lalamiko hapo. Ila wateja wangu wawili wako kwenye QuickBooks (programu ya uhasibu) ya kusakinisha, na vitabu vya Excel ninavyotumiwa vimejaa makro, yaani amri zinazofanya hesabu zenyewe. LibreOffice inafungua jedwali vizuri, makro nyingine zinakimbia, nyingine zinakatika katikati bila kukwambia. Kwa hesabu za mtu mwingine siwezi kubahatisha hivyo. Windows yangu ni halali, ilikuja na mashine.

Nyumbani watoto wanatumia Mint, na hakuna anayelalamika.

Mzee wa CD

Vijana, nawasalimu.

Mnaongea kana kwamba Linux imeshuka jana. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi Helsinki, Finland. Ubuntu ilitoka 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno letu wenyewe la Kibantu: utu. Zamani zile intaneti ilikuwa ya kulipia kwa dakika pale kafe, kwa hiyo kupakua mfumo mzima ilikuwa ndoto. Watu wa Ubuntu walikuwa na utaratibu wa kukutumia CD kwa posta bila malipo, uliodumu hadi 2011. Nilijaza fomu. Baada ya majuma mengi nikaitwa posta nikakuta bahasha yenye jina langu. Nilikuwa sijawahi kupokea kitu kutoka nje ya nchi. Ile CD ninayo bado.

Na mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Programu ya kulipia unasubiri mwenyewe aone kama lugha yako ina soko. Hii watu walikaa wakatafsiri wenyewe, hawakumwomba mtu ruhusa. Inanisikitisha kuona vijana wanasoma kompyuta hawajawahi kusikia habari hiyo.

Mhasibu, usijione umeshindwa. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha kompyuta zake zipatazo 15,000 kwenda Linux, kazi ikakamilika 2013. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Mji mzima wenye mafundi wake ulivutwa huku na huku, sembuse mtu mmoja na kipakatalishi chake.

Binti wa Mwanza

Mimi sina utaalamu, nasimulia ya baba yangu.

Amestaafu. Mashine yake ilikuwa inawaka kwa muda wa kuchemsha chai. Tukabadilisha diski tukaweka SSD, na kaka akaweka Mint. Baba anasoma magazeti, anaongea na wajukuu kwa video, anaangalia picha. Nilimwekea alama ya kivinjari palepale alipoizoea. Mwezi wa kwanza alinipigia mara mbili, zote kuhusu printa. Tangu hapo hajauliza tena.

Nafuu kubwa ilikuwa bando. Awali nilikuwa namnunulia la wiki, siku ya pili limekwisha, kumbe Windows inashusha masasisho yenyewe kimyakimya. Linux haifanyi hivyo.

Fundi Tanga

Dada, kwa heshima, hapo pa bando nisahihishe kidogo wasomaji wengine wasije wakaumia. Mint kweli inakuuliza kwanza. Ubuntu ina programu za aina ya snap, na zile zinajisasisha zenyewe. Mfumo unaangalia mara nne kwa siku. Firefox ya Ubuntu ni mojawapo. Na kwenye Windows nako kuna dawa: ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uutambulishe mtandao wa simu yako kuwa ni wa kupimwa (metered). Itapunguza sana kushusha.

Nafanya kazi hii ya kupiga mifumo kila siku, kwa hiyo niseme yanayonirudishia wateja. Karibu wote ni wale waliotaka mifumo yote miwili kwenye mashine moja.

La kwanza ni saa. Mteja anapiga: "Fundi, nikitoka Linux nikaingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu." Ni saa nne asubuhi, mashine inasema saa moja. Anadhani betri ya ubao imekufa. Haijafa. Linux inaandika ndani ya mashine saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu kamili, na Windows inaisoma kama ndiyo saa ya hapa. Kwenye Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`, mchezo umekwisha.

La pili, Linux inakataa kuandika kwenye diski ya Windows. Sababu ni kwamba Windows, ukiizima, haizimiki yote. Inalala nusu ili iwahi kuamka, na ile diski inakuwa bado imeshikiliwa. Zima ule uwakaji wa haraka (Fast Startup) kwenye mipangilio ya umeme.

La tatu ndilo linaloniogopesha. Mashine nyingi mpya za Windows 11 zinakuja diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, na mwenyewe hajui. Fundi akigusa Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka), Windows inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza, na kama akaunti aliifungua muuzaji, hapo picha za harusi zimekwenda. Imenitokea na mashine ya mteja, na nilikosa la kumwambia. Sasa sigusi kitu kabla mteja hajanionyesha ufunguo wake.

Wi-Fi ikigoma baada ya kuweka Linux, unganisha simu kwa waya wa USB, gawa intaneti ya simu, kisha fungua kidhibiti cha draiva (programu za kuendeshea vifaa) kiitafute draiva ya Wi-Fi chenyewe.

Mwalimu wa Zamu

Fundi, saa tatu! Mpakato wa mwenzangu staff una tatizo hilo tangu mwezi jana, na tayari ameshanunua betri.

Steshenari, kuhusu Calibri: sakinisha fonti ya Carlito, na Caladea badala ya Cambria. Upana wa herufi ni uleule, kwa hiyo mistari haihami. Kwa Times New Roman ipo Liberation Serif. Aptos, ile Word mpya inayoanza nayo, sijaiona mbadala wake, na maboksi ya michoro bado yananishinda.

Mzee wa CD, kama bahasha ile bado ipo, naomba uiweke picha hapa. Jumatatu nina kipindi na kidato cha pili, ningependa waione.