Kwa nini intaneti ya Bibi inakatika adhuhuri

Kikundi: UKOO WA BIBI, KIBADA (KIGAMBONI, DAR ES SALAAM)

*Alhamisi, 18 Septemba*

12:47 Mama Mdogo Rehema: Shikamooni wakubwa. Intaneti ya setilaiti imekata tena hapa kwa Bibi. Leo siku ya tatu, muda uleule. Adhana ya adhuhuri ikishapita kidogo tu, inakata. Bibi alikuwa anaongea na Mwanaidi, picha ikaganda, basi.

12:49 Shangazi Mwanaidi (Maskati): Marahaba mdogo wangu. Nilikuwa namuuliza mama habari ya presha, sijapata jibu. Vipi, yuko salama?

12:49 Mama Mdogo Rehema: Salama dada, kapimwa asubuhi, iko vizuri. Na intaneti imesharudi, ndo naandika.

12:52 Baba Mkubwa: Marahaba. Hilo ni umeme. Ukishuka kidogo tu modemu inazima. Stebilaiza bado ipo?

12:53 Mama Mdogo Rehema: Ipo kaka, na umeme haukuyumba, feni ilikuwa inazunguka vizuri. Waifai kwenye simu ilijaa mistari yote, lakini hakuna kilichofunguka.

12:55 Baba Mkubwa: Mvua basi?

12:55 Mama Mdogo Rehema: Kigamboni yote hata wingu hamna. Nimemwita fundi wa hapa mtaani, ameshapanda juu ya bati. Anasema dishi limehama, anataka elfu 80 aligeuze.

12:56 Kassim: Shikamooni wote. Mama Mdogo, naomba ashuke kwanza. Asiguse nati hata moja. Niko kazini Chalinze, nipe dakika mbili niandike vizuri.

12:57 Mama Mdogo Rehema: Marahaba mwanangu. Haya, namshusha.

13:04 Kassim: Asante. Nianze na hiyo waifai iliyojaa. Mistari ya waifai inaonyesha simu imeshikana na ruta, hapo ndani tu. Haisemi chochote kuhusu ruta na setilaiti. Kwenye modemu kuna taa yake ya setilaiti, ndiyo ya kutazama. Je, ikikata ile taa inawaka tu au inapepesa?

13:05 Zuhura: Shikamooni. Inapepesa. Jana na leo nimeiona. Halafu kaka Kassim, leo nilifungua ukurasa wa modemu kwenye kompyuta, ule ulionionyesha wakati wa kufunga dishi. Saa sita na robo ubora wa mawimbi ulikuwa 12. Ukaanza kushuka, 10, 8, ukafika 3, hapo ndipo ikakata. Baadaye ukapanda hivyohivyo polepole mpaka 12.

13:06 Kassim: Zuhura, hapo umetusaidia sana. Waya uliolegea hauna tabia hiyo, unakata ghafla na kurudi ghafla. Dishi lililohama halijirudishi lenyewe kila siku kwa saa yake. Kitu kinachoshuka polepole, kinapanda polepole, na kinafuata saa ya adhuhuri, ni jua.

13:07 Baba Mkubwa: Jua? Jua lipo mwaka mzima Kassim.

13:15 Kassim: Ndiyo Baba Mkubwa. Setilaiti yetu iko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Inazunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana sisi tunaiona imesimama palepale na dishi halihitaji kugeuka. Sasa jua huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Siku hizo, tukitazama kutoka hapa, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti. Na jua halitoi mwanga na joto tu, linatoa mawimbi ya redio pia. Dishi linapokea vyote pamoja na haliwezi kuvitenganisha. Sauti ya setilaiti ni ndogo mno ikifika huku chini, ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona umesimama mbele ya spika za singeli. Jua likisogea dakika chache, unamsikia tena.

13:16 Mama Mdogo Rehema: Subhanallah.

13:18 Baba Mkubwa: Nimekuelewa, ila kuna kitu hakijakaa sawa. Mimi ni mtoto wa Dar. Jua linalotusimamia utosini kabisa, kivuli kinapotea miguuni, ni la Oktoba. Siyo la Septemba. Kama ni jua, mbona halikungoja Oktoba?

13:24 Kassim: Swali zuri sana Baba Mkubwa, na uko sahihi kuhusu Oktoba. Lakini dishi letu halitazami utosini. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na setilaiti iko juu ya ikweta, kwa hiyo dishi limeinamia kaskazini kidogo. Siku hizi jua linashuka kutoka kaskazini kuja kwetu. Linakutana na mstari wa setilaiti kwanza, sasa hivi, kabla ya tarehe 22. Likishaupita ndipo linaendelea kusini mpaka linatufikia utosini Oktoba. Wakati huo halina habari na dishi tena.

13:25 Baba Mkubwa: Sasa imekaa. Kwa hiyo Machi linarudi kinyume, linaanza na sisi halafu setilaiti.

13:26 Kassim: Hivyo hivyo. Mwanzoni mwa Machi linapita utosini, na baada ya tarehe 20 linapita nyuma ya setilaiti. Tutakatika tena siku chache.

13:28 Zuhura: Na adhana je? Inakata baada ya adhana kila siku, siyo kabla.

13:31 Kassim: Adhuhuri inaingia jua likishavuka katikati ya mbingu. Setilaiti yetu iko magharibi kidogo ya hapo katikati. Jua linavuka, adhana inatoka, kama robo saa baadaye linafika ilipo setilaiti. Mwenye dishi linalotazama setilaiti nyingine atakatika saa tofauti. Hebu muulizeni jirani kuhusu TV yake.

13:40 Mama Mdogo Rehema: Nimetoka kumuuliza Mama Neema. Anasema visimbuzi vyao vinaganda mchana huu, alidhani kifurushi kimeisha. Ila wao siyo dakika zilezile na sisi.

13:41 Kassim: Ndiyo yenyewe.

13:43 Shangazi Mwanaidi (Maskati): Mwanangu Mungu akubariki. Sasa tufanye nini? Nipige simu kwa kampuni?

13:47 Kassim: Hapana shangazi, hata wao hawana la kufanya. Kesho na Jumamosi itakata muda mrefu zaidi kidogo, kisha itapungua, na mwanzoni mwa wiki ijayo itakuwa imekwisha. Wewe mpigie Bibi saa nane ya huku, kwako itakuwa saa tisa. Ukiona haijaisha mpaka Jumatano, hapo ndipo tutafute tatizo lingine.

13:50 Kassim: Na nirudie la fundi, maana hili linaniuma. Dishi hili siyo la TV. Lile la TV linapokea tu. Hili linatuma pia. Setilaiti ziko juu zimepangana, umbali wa nyuzi mbili tatu kati ya moja na nyingine, na ukilisogeza nyuzi moja tu, kule juu umekosea kama kilomita 600. Fundi asiye na kipimo hawezi kulirudisha kwa macho. Angeligeuza leo saa saba mchana, intaneti ingekata moja kwa moja, na Bibi angekaa wiki nzima bila kuongea na mwanawe. Halafu yeyote anayepanda pale, modemu izimwe kwanza, asisimame mbele ya kile kichwa cha dishi kikiwa kinatuma.

13:52 Mama Mdogo Rehema: Nimeelewa mwanangu. Fundi nimempa ya soda, kaondoka kwa amani.

13:58 Hamadi: Shikamooni. Kaka, yale madishi bapa ya setilaiti za chini nayo yanakatwa na jua?

14:01 Kassim: Yale hayategemei setilaiti moja. Ziko kama kilomita 550 juu, zinapita mbio, dishi linaruka kutoka moja kwenda nyingine. Jua haliwasumbui hivi.

*Jumamosi, 20 Septemba*

12:50 Zuhura: Leo imekata saa 6:27, imerudi saa 6:36. Alhamisi ilikuwa dakika sita. Jana nane.

12:51 Baba Mkubwa: Kama alivyosema.

14:20 Shangazi Mwanaidi (Maskati): Nimeongea na mama nusu saa nzima, alhamdulillahi. Ila tunakanyagana kwenye maneno. Mimi nasema, naye anasema.

14:26 Kassim: Hiyo ni umbali shangazi. Sauti inapanda kilomita elfu 36 na kushuka tena, na jibu lake nalo hivyohivyo. Karibu nusu sekunde inaishia njiani, na hakuna modemu itakayoipunguza. Ukimaliza kusema, nyamaza kidogo, mpe Bibi nafasi.

14:30 Shangazi Mwanaidi (Maskati): Sawa baba. Na bando? Mwezi uliopita liliisha tarehe 19, na mimi ndiye nalipa.

14:38 Kassim: Nimeangalia kwenye akaunti. Kinacholila zaidi ni simu kupandisha picha na video mtandaoni zenyewe kila zikishika waifai, na kompyuta kujisasisha mchana. Hamadi, jioni pita kwenye simu zote za hapo nyumbani uzime kupandisha picha, na kompyuta ipange ijisasishe baada ya saa sita usiku, kifurushi chetu hakihesabu saa hizo. Nywila ya waifai ibadilishe, wageni tuwape ile nyingine.

14:39 Hamadi: Sawa kaka.

*Jumanne, 23 Septemba*

12:58 Zuhura: Haijakata. Ubora ulishuka mpaka 9 tu, ukapanda.

13:02 Mama Mdogo Rehema: Bibi anasema Kassim aishi maisha marefu, na akija amletee korosho.

13:10 Kassim: Amina. Nitaleta. Ila Zuhura, kabla ya Septemba ile namba ilikuwa 14. Sasa inakaa 12 hata asubuhi. Hizo mbili zimeenda wapi?

13:11 Zuhura: Jua?

13:17 Kassim: Asubuhi jua haliko pale. Nahisi ni kiungo cha waya kule kwenye dishi. Kigamboni hewa ya bahari ina chumvi, inakula vichwa vya waya, vinakuwa na kutu ya kijani ndani. Wakati huu wa kiangazi tunavumilia, lakini vuli ikianza Oktoba, mvua yenyewe inapunguza mawimbi. Tukiingia vuli na 12, kila wingu zito litatukata. Nakuja Jumapili na kichwa kipya cha waya na mpira wa kuzuia maji.

13:19 Mama Mdogo Rehema: Ngazi iko kwa Mama Neema, nitaiazima Jumamosi jioni. Uje asubuhi kabla bati halijapata moto.