Kaka aliuza shamba la urithi, nimesamehe mdomoni lakini uchungu haunitoki. Nifanyeje?

Natafuta_Amani:
Bwana asifiwe wapendwa. Kaka yangu mkubwa aliuza shamba la marehemu baba, ekari 3, bila kutushirikisha. Huu mwaka wa 4. Kwenye maombi nimeshasema "nimemsamehe" mara nyingi tu, ila nikipita njia ile moyo unachemka upya. Naomba kujua: kwa nini kinyongo kinarudi? Kusamehe ni kuacha kudai? Na ni lazima turudi kuwa kama zamani? Tafadhali nipeni hatua, "mwachie Mungu" nimeshaambiwa sana.

Mwinjilisti Mstaafu:
Amina. Tuanzie kwenye Baba Yetu ya Mathayo 6:12, tafsiri ya Union: "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni. Neno la Kigiriki lililopo hapo, *afiemi*, lina maana ya kuachilia kitu kiende, na lilitumika pia kwa kufuta deni. Sasa, nani anafuta deni ambalo hajui ni kiasi gani? Ukiomba "Bwana, namsamehe kaka kwa yote", daftari umelifunika tu, na ukifika pale shambani linafunuka lenyewe.

Chukua karatasi, siyo simu (kidole kikiteleza orodha yote iko kwenye grupu la ukoo). Jipe saa moja, usizidishe. Ukishinda nayo kutwa unakuwa mwendesha mashtaka. Andika alichokuchukulia, mstari kwa mstari: fedha ya fungu lako, mahindi ya kila msimu, mama kununua unga wakati alikuwa na shamba, aibu ya kupata habari kwa jirani, na kule kumwamini kaka. Huu mstari wa mwisho watu wengi huusahau, na mara nyingi unauma kuliko ekari zenyewe. Halafu weka alama kwenye yanayolipika. Fedha inalipika. Hiyo miaka 4 hailipiki hata apige magoti.

Kisha soma kila mstari kwa sauti mbele za Mungu, kimoja kimoja: "Hili silishiki tena juu yake; kisasi ni chako" (Warumi 12:19). Andika tarehe mahali utakapoikumbuka, karatasi uichome. Usimpelekee.

Kosa linaloharibu kazi hii ni kumtetea: "alikuwa na shida, ada za watoto." Aliye na udhuru wa kweli hahitaji msamaha, anahitaji kueleweka. Ona Mathayo 18:23-35. Mtumwa alisamehewa talanta 10,000, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Hilo halilipiki hata kwa vizazi. Lakini mtumwa huyo naye alikuwa akimdai mwenzake dinari 100, kazi ya miezi mitatu na ushei! Kwa kibarua wa shilingi 10,000 kwa siku hiyo ni milioni 1. Yesu hakusema ni hela ya mboga. Deni lako ni la kweli, na ndilo hilo linalofutwa.

Mlinda Neno:
Mtumishi, hapo umeruka kitu. Luka 17:3: "akitubu msamehe." Huyo kaka ametubu lini?

Mwinjilisti Mstaafu:
Swali zuri. Lisome pamoja na Marko 11:25, "kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Hapo mkosaji hata hayupo, uko peke yako na Mungu. Kwa hiyo kuna kuachilia, ambako ni kwa mtu mmoja, na kuna kupatana, ambako kunahitaji wawili na toba. Ugomvi mwingi wa makanisani unatokana na kuvichanganya: mzee anamlazimisha aliyeumizwa akumbatiane na mtu ambaye hajakiri chochote, halafu tunashangaa kinyongo kinarudi.

Mtazame Yusufu. Ana miaka 17 habari yake inapoanza, ndugu zake wanamuuza kwa vipande 20 vya fedha. Anasimama mbele ya Farao na miaka 30, ikafuata 7 ya shibe na 2 ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake. Hakuwa na kisasi: aliwajazia magunia nafaka na kuwarudishia fedha zao. Lakini hakujifunua siku ya kwanza. Alimfunga kaka yake Simeoni, akataka mdogo wake Benyamini aletwe, akaficha kikombe chake kwenye gunia la Benyamini. Alingoja mpaka Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumwuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wao (Mwanzo 44:33). Ndipo akalia wazi. Basi swali lako la tatu: hapana, si lazima. Hata Paulo alimwachia Bwana amlipe Iskanda mfua shaba aliyemtendea mabaya, na mstari unaofuata akamwambia Timotheo ajihadhari naye (2 Timotheo 4:14-15).

Wakili wa Kijijini:
Kuhusu kudai: unaweza kufuta chuki na bado ukadai haki. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu na hakuna aliyemzuia (Luka 19:8). Ila 1 Wakorintho 6 inataka muanze kwa watu wenye hekima kanisani, na Mathayo 18:15 kabla ya hapo inataka uende wewe na yeye peke yenu. Usiende msibani wala harusini.

Kwa sheria ya Tanzania, kama mahakama haikumteua kuwa msimamizi wa mirathi, hakuwa na mamlaka ya kuuza. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, lakini mnunuzi akishajenga mambo yanakuwa mazito, kwa hiyo usilale. Kipimo chako ni hiki: akikulipa fungu lako kesho, utaridhika au utatamani aaibike? Ukiona ni la pili, rudi kwenye karatasi kabla ya kwenda barazani.

Mama Ushauri:
Kukumbuka siyo dhambi na siyo ushahidi kwamba hujasamehe. Naamini "saba mara sabini" aliyosema Yesu kuhusu kusamehe ni pamoja na kosa moja linalokurudia mara 490. Likirudi njiani, usianze upya kulijadili. Sema, "hili nililiachilia tarehe fulani," mwombee sentensi moja, endelea na safari. Ukianza kumjibu kichwani ("na siku nikimkuta nitamwambia..."), ndipo shina la uchungu la Waebrania 12:15 linapomwagiliwa. Punguza pia unaowasimulia, wawili wanatosha. Na ukikosa usingizi wiki nyingi mfululizo, muone daktari pamoja na mchungaji.

Halafu usimpigie simu kumwambia "nimekusamehe" kama hajakiri kosa. Atasikia shitaka, na vita itaanza upya.

Natafuta_Amani:
Nimewaelewa, mbarikiwe sana. Jumapili kuna Meza ya Bwana, nishiriki? Nakiri mwaka jana nilimtukana kwenye grupu la ukoo.

Mwinjilisti Mstaafu:
Mathayo 5:23-24 inasema ukikumbuka "ndugu yako ana neno juu yako." Siyo wewe una neno juu yake. Shamba ni neno lako juu yake, na hilo umeshajua pa kulipeleka. Matusi ni neno lake juu yako. Mwombe radhi kabla ya Jumapili, humo humo kwenye grupu ulikomtukania, kwa sentensi mbili, na shamba usilitaje.